Nilijifanya fundi wa mashine ya kukausha nguo, wageni wa posa wakabaki na vitenge sebuleni

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi, Rwanda, mpakani kabisa na Goma ya Kongo. Mvua inanyesha kama kawaida yake.

Ninachosimulia hapa kimetokea nyumbani kwangu. Mashahidi wapo, na wengi wao bado wananicheka nikipita. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hii stori, niamini.

Kidogo kuhusu mimi. Ni Mnyarwanda niliyekulia Tanzania, Ngara huko, ndiyo maana sibanduki kwenye jukwaa hili. Nafanya kazi ofisini. Sikusomea umeme, sikusomea ufundi wowote. Nina seti ya bisibisi, nina multimeter, na nina bando la intaneti. Hivyo vitatu vikikutana kwa mwanaume wa umri wangu, jua kuna kitu kitaharibika.

Mke wangu, Mama Bella, alikulia Goma. Kiswahili chake ni kile cha Kongo, na changu yeye anakiita Kiswahili cha redio. Nyumbani tunaelewana hivyo hivyo.

Sasa, waliowahi kukaa huku wanajua suala la nguo. Asubuhi jua linakudanganya, unaanika. Ukikaa tu ofisini, wingu linashuka kutoka upande wa volkano, mvua inamwagika. Nguo za shule za mtoto zinakaa siku kadhaa zikiwa na ule ubichi usioisha, mpaka zinaanza kunuka kama kitambaa cha kudekia.

Ndipo mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi Goma na kulala upande wetu akawa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Wenzangu wakakimbilia makochi na friji. Mimi nikachukua dryer. Ile ya bomba, inayovuta hewa, inaipasha moto, inaizungusha kwenye nguo, halafu inatoa unyevu nje kupitia tundu la ukutani.

Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Nikasema sawa, sasa tumefika.

Tatizo la kwanza lilikuja mapema tu. Jumamosi moja mchana nabonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Nabonyeza tena, kimya.

Nikaangalia video. Jamaa wa kwenye video akasema mara nyingi ni swichi ya mlango. Nikafungua mlango. Nikafungua mfuniko wa juu, nikafungua na mgongo. Nikatandaza skrubu kwenye gazeti kwa ustadi mkubwa, kila moja na sehemu yake. Nikapima swichi, nzima. Nikaanza kuishuku bodi ya ndani, nikawa naifikiria kwa uso mzito kama daktari.

Mama Bella akatoka jikoni.

"Papa Bella, na frigo nayo iko na panne?"

"Friji? Kwa nini?"

"Haiko inaunguruma tangu saa ile. Na redio pia."

Wakuu, umeme wa kadi ulikuwa umeisha. Nyumba nzima. Mimi nimeivua nguo mashine ya watu wakati mita pale ukutani inaniangalia.

Nikanunua umeme kwa simu, nikairudisha mashine, ikawaka. Skrubu moja ilibaki kwenye gazeti. Nikaiweka mfukoni kabla mke hajaiona.

Tatizo la pili lilikuwa kelele. Ikizunguka inapiga kwa! kwa! kwa! kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Hapo nikasoma mambo ya mkanda, magurudumu ya pipa la ndani, beringi. Nikamweleza mke kwamba beringi zimekwisha, itabidi niagize Kigali.

Akaingiza mkono ndani, akatoa ufunguo wa geti. Ule niliomlaumu yeye kuupoteza. Ulikuwa kwenye suruali yangu.

Aliuning'iniza tu kwenye msumari wake na kurudi jikoni. Afadhali angenigombeza.

Nimewapa hizo mbili ili muone nilivyokuwa na njaa ya kushinda hata mara moja. Na ya tatu, wakuu, ya tatu nilishinda. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mashine ikawa inazunguka vizuri lakini haipashi moto. Nguo zinatoka baridi na mbichi vile vile. Safari hii nikaanza na umeme kwanza, upo. Mifuko ya suruali, mitupu. Nikafungua mgongo, nikafuata waya mpaka kwenye kile kidude kidogo cheupe kilicho karibu na hita. Fyuzi ya joto. Nikapima na multimeter: imekufa.

Mnanielewa? Niligundua mwenyewe! Nilitoka nje kwenye baraza nikasimama tu, nikitazama ziwa.

Kupata fyuzi ya aina ile hapa mjini kulishindikana siku hiyo. Kuna video nyingine, ya jamaa asiyeonyesha uso, alionyesha jinsi ya kuiruka fyuzi: unachukua kipande cha waya, unaunganisha huku na huku, moto unapita. Mwishoni akasema ni kwa ajili ya kupima tu, usiiache hivyo.

Hilo la mwishoni nilisikia. Ila nilisikia kama unavyosikia tangazo la dawa kwenye redio.

Nikaunga waya. Mashine ikapasha moto kuliko hata mwanzo. Nikamwita mke aguse mlango wa kioo. "Iko moto kweli," akasema, na mimi nikatembea nyumba nzima mikono mgongoni.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Mdogo wake na mke wangu, Aline, anaishi kwetu. Alikuwa na mchumba Goma, kijana anaitwa Héritier, mpole, ana duka la vifaa vya ujenzi. Wazazi wa Aline wameshafariki, na baba mdogo wao wa Nyakiriba nyonga ilimbana wiki ile, hawezi kukaa wala kusimama. Kwa hiyo kwenye gufata irembo, yaani ile siku upande wa mwanaume wanapokuja kubisha hodi rasmi, mimi ndiye nikapewa kuwapokea na kusema kwa niaba ya familia.

Kulikuwa na kizingiti kimoja: mjomba wa Héritier, Tonton Célestin. Huyo ndiye aliyemlea kijana, na neno lake ndilo la mwisho. Tulishasikia kwamba haitaki hii ndoa. Aliwahi kusema watu wa upande wetu wanajiona. Aline alikuwa hali wala halali.

"Shemeji," aliniambia asubuhi ile, "leo usiongee sana. Tafadhali."

Nikamwambia asijali.

Walikuwa wafike mchana. Mvua ikaanza wakiwa kwenye foleni pale mpakani, Grande Barrière, na pale ukiwa kwenye foleni, mvua ni yako. Kutoka hapo wakapanda pikipiki kuja kwetu, mvua ikiwafuata. Nilipofungua geti niliona watu watatu waliolowa mpaka mfupani: Héritier, shangazi yake Maman Furaha, na Tonton Célestin mwenyewe.

Tonton ni mtu mkubwa, mnene, ana shingo ya heshima. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokatwa vizuri sana. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mikono ya koti kama bomba lililoachwa wazi.

"Bon," alisema. "Tumefika."

Mtu mwenye akili angewapa mataulo, angewasha jiko la makaa, angewapa chai ya tangawizi, wangeongea huku wakikauka. Mimi, mbele ya mtu aliyeshasema tunajiona, nikasema hivi:

"Msiwe na wasiwasi kabisa. Sisi hapa tuna mashine ya kukausha. Nguo zikiingia, baada ya muda mfupi zinatoka kama zimetoka dukani."

Nilimwona Aline anafumba macho.

Tukawatafutia cha kuvaa. Maman Furaha alipata gauni la Mama Bella, likamkaa vizuri tu. Héritier alivaa trakisuti yangu, ikaishia kwenye ugoko. Shida ikawa Tonton. Mimi ni mwembamba, hakuna shati langu lililokubali kufunga kifungo hata kimoja juu ya lile tumbo. Mwishowe akajifunga vitenge viwili vya mke wangu, kimoja kiunoni na kimoja mabegani. Cha mabegani kilikuwa na picha za kuku.

Akakaa kwenye kochi wima, kama yuko kwenye picha ya serikali.

Nguo zote nikazishindilia kwenye mashine. Suti, gauni, mashati, hadi soksi. Wakuu, suti haiingii kwenye dryer, najua sasa. Nikabonyeza. Ikaunguruma vizuri.

Nikarudi sebuleni nikaanza kuwaeleza jinsi nilivyoitengeneza mwenyewe. Nikaeleza fyuzi. Nikaeleza multimeter. Mama Bella akanikanyaga mguu, nikaendelea.

Tonton akasema, "Ah bon." Halafu tena, "Ah bon."

Kisha akainua pua.

"Papa Bella, mi niko nasikia arufu."

"Ni joto tu hilo, ndiyo inakausha."

"Hapana. Joto haiko na arufu ya hivi. Kuna kitu iko inaungua."

Maman Furaha akasimama. "Yesu! Angalieni ule moshi!"

Moshi ulikuwa unatambaa chini ya mlango wa chumba cha kufulia. Nikakimbia, nikafungua, chumba chote cheupe. Na kosa juu ya kosa, nikafungua na mlango wa mashine. Moshi mzito ukanipiga usoni. Msije mkafanya hivyo, ukifungua unaupa moto hewa. Niliukandamiza tena mlango kwa goti, nikawa nimesahau kabisa vitufe viko wapi.

"Kata umeme!" Mama Bella alipiga kelele. "Kata ya nyumba yote!"

Swichi kuu iko sebuleni, juu ya kochi. Juu ya kochi alilokaa Tonton Célestin. Nilipanda pale kwa miguu yenye matope, tumbo langu likiwa usoni kwake, nikasema "samahani mzee," nikaishusha.

Nyumba ikanyamaza. Mvua tu juu ya mabati.

Tukasubiri tukiwa tumesimama mlangoni na ndoo za mchanga ambazo Héritier alizichota kwa jirani anayejenga, trakisuti yangu ikimbana hivyo hivyo. Kijana huyo hakungoja kuambiwa, alikuwa anabeba tu. Moshi ukapungua. Moto haukuwaka. Namshukuru Mungu kila ninapoandika hapa, haukuwaka.

Mashine ilipopoa nikafungua mgongo. Karibu na hita kulikuwa na bonge la zile nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo, limekaangika jeusi. Nikajiuliza, hizi si zinatakiwa kwenda nje na hewa?

Nikatoka kwenye mvua nikazunguka nyuma ya nyumba kuangalia mdomo wa bomba. Umezibwa. Umezibwa kabisa na kipande cha chandarua kilichofungwa kwa waya, na juu yake tabaka la nyuzinyuzi nene kama godoro.

Nani alifunga chandarua? Mimi. Siku za mwanzo kabisa, ili panya wasiingie. Nilifunga vizuri sana, tena kwa waya wa kukaza.

Hapo ndipo vyote vikajipanga kichwani. Hewa haikuwa inatoka. Joto likazidi. Fyuzi ikafa kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, kufa kabla nyumba haijaungua. Na mimi, badala ya kujiuliza imekufa kwa nini, nikaweka waya ambao haufi.

Nilisimama pale mvua inanipiga, nikaona aibu ya kweli. Mtoto wetu Bella hulala chumba kinachopakana na kile cha kufulia.

Nilirudi ndani. Nguo zilikuwa mbichi, moto, na zinanuka kama nyama choma. Koti la Tonton lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni, umbo la sahani, na mkono mmoja ulikuwa umesinyaa na kupanda juu.

Koridoni Aline alikuwa amesimama na macho mekundu.

"Shangazi ya Héritier anasema labda warudi siku ingine," aliniambia kwa sauti ndogo. "Anasema siku ya hivi haiko siku. Shemeji, wakitoka leo, Tonton hatarudi. Unamujua."

Nikaingia sebuleni nimeshika lile koti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kuwapokea, nikaiacha yote.

Nikasema ukweli tu. Nikasema: mzee, mashine haikuwa na kosa. Niliziba bomba mwenyewe, nikaharibu fyuzi mwenyewe, nikaiunga vibaya mwenyewe, halafu nikajisifu mbele yenu. Nimeunguza koti lako, na nilikuwa karibu kuunguza nyumba na watu wake. Naomba usimhukumu Aline kwa ajili yangu. Yeye alinionya nisiongee sana.

Tonton alichukua koti. Akaligeuza, akaangalia ile alama muda mrefu. Akaingiza kidole kwenye mkono uliopanda. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na wale kuku kwenye kitenge wakatikisika naye.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika fundo la kitenge cha kiunoni lisifunguke.

Kisha akasimama, akajifunga upya, akakohoa kama mtu anayeanza rasmi.

"Bon. Mi nilikuwa nimepanga maneno mingi ya leo. Lakini ile maneno ilikuwa ya mutu mwenye kuvaa hii veste. Na hii kitenge ya mama ya nyumba, ile maneno haiwezi kutoka." Maman Furaha akaficha uso. "Donc nitasema kidogo tu. Waliniambia watu wa huku wanajiona. Nikakuja na moyo mugumu. Lakini Papa Bella, vile umesimama hapa kujisema mbele ya mukeo na mbele yetu, hakuna mutu mwenye kujiona anaweza fanya vile. Hapana."

Akaangalia upande wa koridoni, alikojificha Aline.

"Tulikuja kuomba mulango, mumetuvua manguo. Barrière hatuwezi kupita hivi. Sasa muchague: ama mutupe mutoto, ama tunahamia hapa na mutulishe."

Mama Bella ndiye aliyejibu kabla yangu, na nashukuru alijibu yeye. "Tutawapa mutoto, Tonton. Kuwalisha ninyi wote hatutaweza."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Aline akatoka, analia na kucheka. Tukala kwenye giza la jioni, kwa sababu hakuna aliyeniruhusu kurudisha swichi kabla ya kuichomoa mashine mbele ya mashahidi.

Walirudi Goma na nguo zetu, Tonton na vitenge vyake vile vile. Koti nililipa kwa kumshonea Tonton jingine, na fundi cherehani alipochukua vipimo vya lile tumbo alinitazama kwa huruma.

Wakuu, somo. Wengi hapa mna mashine hizi au mnafikiria kununua. Kichujio cha ndani kisafishe kila unapomaliza mzigo. Toka nje uweke kiganja kwenye mdomo wa bomba mashine ikiwa inafanya kazi. Usipohisi hewa ya moto inakupiga, zima. Ukitaka kuzuia panya, tafuta kile kifuniko chenye vipande vinavyojifungua kwa hewa na kujifunga, siyo chandarua. Na fyuzi ikifa, usiibadilishe kwanza. Tafuta kilichoiua. Ukiiruka kwa waya, umekata ulimi wa kitu pekee kilichokuwa kinakuambia ukweli humo ndani.

Fyuzi sahihi nilikuja kuipata Kigali, na nikamlipa fundi aifunge. Nilikaa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani. Ni amri ya Mama Bella.

Aline na Héritier wameshaoana, wako Goma. Walipokuwa wanahamia nyumba yao nilimuuliza Aline nimletee zawadi gani. Hakufikiria hata kidogo. Akasema, "Kamba ndefu ya kuanikia, shemeji. Na vibanio."

Nimempelekea. Héritier amenipigia kuniambia kamba ni nzuri sana, ila angependa kuifunga mwenyewe.

Karibuni wakuu, mwenye yake aseme. Wale wa "mimi ningejua tu" nao karibuni, nimeshazoea.